Vuli Haipukutishi Majani: Maoni Kuhusu Picha za Miberoshi ya Ziwa Caddo

Miongoni mwa kauli zinazorudiwarudiwa na kukubaliwa pasi na kuhojiwa ni ile isemayo kuwa picha ni lugha ya ulimwengu mzima. Hudaiwa kwamba mshairi wa Kiswahili humhitaji mkalimani ili asikike ughaibuni, ilhali mpiga picha hamhitaji yeyote. Anafungua jicho la kamera, analifunga, na kila mwenye macho anaelewa. Makala haya yanapinga kauli hiyo. Yanashikilia kwamba picha, hasa picha ya mandhari ya mbali, huwa bubu mpaka ipate maelezo, na kwamba sisi tunaojiita walezi wa Kiswahili tumekuwa wazembe katika kuyatunga maelezo hayo. Mfano nitakaoutumia ni mmoja: picha za kinamasi cha miberoshi katika Ziwa Caddo, kusini mwa Marekani, zinazopigwa mwezi wa Novemba majani yanapobadilika rangi. Msomaji asiharakishe kusema kwamba mambo ya Texas na Louisiana hayamhusu. Neno linaloharibiwa katika maelezo ya picha hizo ni neno letu, na mwenye kulihitaji likiwa zima ni mkulima na mfugaji wetu.

Chanzo cha maoni haya ni ubishi. Mwenzetu mmoja aliyetutangulia katika darasa la uzamili, na ambaye sasa anaendelea na masomo huko Louisiana, alitutumia picha kadhaa alizozipiga katika ziwa hilo. Ni picha za kupendeza kwelikweli. Miti mikubwa imesimama ndani ya maji, mashina yake yamepanuka chini mithili ya mtungi. Matawi yamevikwa nyuzi za kijivu zinazoning'inia kama ndevu za mzee. Na juu ya yote hayo kuna rangi inayowaka, kati ya machungwa na kutu, ambayo maji meusi yanaikariri kichwa chini miguu juu. Chini ya picha ya kwanza aliandika: "Vuli katika bwawa la mivinje." Wengi wetu tuliisifu rangi. Wachache tuliyasoma maneno, na tulipoyasoma, ukazuka mjadala uliotuchukua jioni nzima. Upande mmoja ulisema kwamba maneno hayo ni sahihi, kwa kuwa wapo watafsiri wengi wanaoyatumia hivyo. Upande wa pili, ambao mimi nimo, ulisema kwamba kati ya nomino tatu zilizomo katika maelezo hayo, mbili zinapotosha na ya tatu inababaisha. Nitajaribu hapa kuufafanua msimamo huo.

Tuanze na mahali penyewe. Ziwa Caddo liko mpakani mwa majimbo ya Texas na Louisiana, zaidi ya nyuzi 32 kaskazini mwa Ikweta. Eneo lake ni ekari zipatazo 25,000, na sehemu yake kubwa si maji ya wazi bali ni msitu uliofurika: vijia vya maji vinavyopindapinda kati ya miti, kina kifupi, tope laini. Mwaka 1993 liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, orodha ileile ambayo ndani yake mna maziwa yetu ya Nakuru na Naivasha.

Mti unaoutawala msitu huo ni ule ambao wanasayansi huuita Taxodium distichum. Ni mti wenye tabia ya kushangaza. Ni wa kundi la miti izaayo koni, kama vile misonobari na mitarakwa, ambayo kwa kawaida hubaki na rangi yake ya kijani mwaka mzima. Lakini huu huvua majani yake yote kila mwaka, ndiyo sababu wasemao Kiingereza wakaupa jina la mberoshi kipara. Majani yake ni membamba, yamejipanga pande mbili za kijiti kama unyoya, na yanapoanguka huanguka pamoja na kijiti chake. Kutoka mizizini huchomoza vigingi vya mti ambavyo wenyeji huviita magoti. Mtu aliyelelewa karibu na mikoko ya Mida au Lamu atafikiri mara moja juu ya mizizi ya mchu inayochomoza topeni kupumua, ingawa kazi hasa ya magoti hayo wataalamu wangali wakiijadili. Ni miti ya umri mrefu mno: mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba katika jimbo la North Carolina upo mmoja wa aina hii wenye umri usiopungua miaka 2,624.

Zile nyuzi za kijivu nazo zina jina la Kiingereza linalodai kuwa ni kuvumwani ya Kihispania. Si kuvumwani, wala si ya Kihispania. Ni mmea utoao maua, wa familia moja na nanasi, na asili yake ni bara la Amerika. Uzembe katika kutoa majina, basi, si ugonjwa wetu peke yetu. Hata hivyo, jirani akiugua si hoja ya mtu kukataa dawa.

Kwa nini majani ya huko yageuke rangi? Hapa petu, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka wote. Caddo, mchana wa Juni hupita saa 14 na wa Desemba hushuka hadi saa 10 hivi. Mchana unapofupika na baridi kuanza kubisha hodi, mti hujiandaa kulala. Huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa nuru ya jua, na kuvirudisha matawini virutubishi vinavyoweza kuokolewa. Hapo ndipo rangi za manjano na machungwa, ambazo zilikuwamo ndani ya jani likiwa bado bichi, hupata nafasi ya kuonekana. Mberoshi huanza na manjano, ukaingia katika machungwa, ukaishia katika kutu na kahawia, kisha matawi yakabaki matupu.

Sasa tuliweke neno "vuli" mbele ya mandhari hayo. Vuli ni majira ya mvua fupi, kati ya Oktoba na Desemba. Ni jina lililozaliwa katika jamii ya mabaharia na wakulima, watu walioyagawa majira kwa pepo na kwa mvua: kaskazi na kusi, masika na vuli, kiangazi na kipupwe. Vuli ikija, mkulima wa Taita hushika jembe. Nyika ya Tsavo iliyokuwa ya kijivu huvaa kijani kwa muda wa siku chache. Vichaka vilivyovua majani wakati wa ukame huchipua. Kwa ufupi, vuli ni majira ya majani kuja, si majira ya majani kwenda. Anayeandika "vuli" chini ya picha ya miti inayojiandaa kuvua nguo zake anamwambia msomaji wa Voi kinyume cha kile anachokiona. Mtego wenyewe uko katika kalenda, kwa maana majira hayo mawili huangukia miezi ileile, na mtafsiri mwenye haraka hudhani kwamba mambo yaliyokutana katika mwezi yamekutana pia katika maana.

Kuna watakaosema kwamba hili ni suala la wanaisimu kujitafutia kazi. Hasha! Kati ya mwaka 2020 na 2022, sehemu kame za Kenya pamoja na za majirani zetu Somalia na Ethiopia zilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Mitatu kati ya misimu hiyo ilikuwa vuli. Mifugo ilikufa kwa mamilioni. Kisha vuli ya mwaka 2023 ikaja na mafuriko yaliyozoa madaraja na kuwahamisha watu. Mfugaji wa Garissa anaposikia redioni kwamba vuli itachelewa, anasikia habari ya maji, malisho, karo na uhai. Neno lenye uzito kama huo halifai kugeuzwa pambo la kadi za salamu kutoka nchi za baridi.

Wapo, hata hivyo, wenye hoja nzito zaidi, nao wanastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema kwamba lugha hukua kwa kupanua maana za maneno yake. Ndege alikuwa kiumbe mwenye manyoya kabla ya kuwa chombo cha chuma. Kifaru alikuwa mnyama wa porini kabla ya kuwa gari la vita. Kama ndege alikubali kubeba abiria, kwa nini vuli ikatae kubeba majani makavu? Jibu langu ni kwamba upanuzi wa maana huhitaji nafasi kati ya maana ya kale na ile mpya. Hakuna asikiaye kwamba ndege imechelewa kutua Mombasa akafikiri juu ya kunguru. Muktadha unazitenga maana hizo mbili, na hata sarufi yenyewe husaidia, kwa kuwa ndege wa mtini hupewa upatanisho wa viumbe hai. Vuli ya mvua na hiyo inayodaiwa kuwa vuli ya majani zote ni majira, zote ni za Oktoba hadi Desemba, zote hutajwa katika habari za hali ya hewa. Hazina pa kutengana. Mwanafunzi wa shule ya upili akisoma hadithi iliyotafsiriwa ambamo mhusika anatembea bustanini wakati wa "vuli", ataiona mvua na matope, na huzuni aliyoikusudia mwandishi itampita kando.

Wengine watauliza: kwani Mswahili ana haja gani na majira asiyokuwa nayo? Swali hili lingekuwa na mashiko kama Kiswahili kingekuwa kimekaa nyumbani. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha yake rasmi ya kazi. Wapo Waswahili wanaoishi, kusoma na kulea watoto katika nchi ambako majani hugeuka rangi kila mwaka. Mtoto wa Kikenya anayeokota jani jekundu njiani huko ana haki ya kumwuliza mamake linaitwaje, na mama ana haki ya kulijibu swali hilo kwa Kiswahili bila ya kudanganya.

Nomino ya pili iliyotukwaza ni "mivinje". Kwa mkaazi wa pwani, mvinje ni ule mti mrefu wa ufukweni wenye majani mfano wa nyuzi, unaovuma upepo upitapo. Huota mchangani, wala hauna undugu na miti ya Caddo. Msomaji wa bara naye, akiambiwa "saipresi", huona ua wa shule: ile miti ya kijani kisichobadilika inayozunguka viwanja vya Nyeri, Limuru na Kericho, na ambayo mbao zake zimejenga nusu ya nyumba zetu. Mti huo ni mgeni aliyetoka Meksiko na Amerika ya Kati. Ni kweli kwamba ni wa familia moja na ule wa Caddo, lakini ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana tabia. Mmoja hufuga nywele mwaka mzima na mwingine hunyoa kila Desemba. Kwa hivyo napendekeza tulitumie jina "mberoshi", ambalo limo katika Biblia ya Kiswahili na ambalo asili yake ni Kiebrania, kisha tuliongezee sifa: mberoshi wa kinamasi. Faida ya neno hili ni kwamba wengi wetu hatuna mberoshi uani, na kwa hivyo neno haliji na picha ya uongo mkononi.

Nomino ya tatu ni "bwawa". Sikatai kwamba bwawa laweza kuwa mahali pa maji yaliyotuama. Lakini msomaji wa magazeti ya Kenya akiona neno hilo leo hufikiria Masinga au Ndakaini, yaani maji yaliyozuiwa kwa ukuta. "Kinamasi" ndilo neno linalompeleka topeni moja kwa moja. Nitarudi kwenye suala la ukuta baadaye, kwa sababu mwenzetu, pasipo kukusudia, aliligusa jambo kubwa.

Tukishavuka majina, tunafika kwenye rangi, ambako ndiko wanafunzi wengi hukata tamaa. Hudaiwa kwamba Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi, -eupe, -eusi na -ekundu, na kwamba zilizobaki ni za kuazima. Ni kweli kwamba zimeazimwa, lakini nyingi zimeazimwa kutoka kwa vitu vyenyewe, si kutoka kwa watu. Manjano ni kiungo cha pilau kabla ya kuwa rangi. Kahawia imetoka katika kahawa, zambarau katika tunda lake, kijivu katika majivu, na wekundu uliokolea ukawa damu ya mzee. Utaratibu huo haujafungwa. Anayeitazama miberoshi ya Caddo mwanzoni mwa Novemba ana rangi ya embe bivu, rangi ya mawese, rangi ya mdalasini, rangi ya hina iliyoanza kufifia mkononi na rangi ya bati lililoshika kutu. Maji yake yaliyolowekwa majani yaozayo yana rangi ya chai isiyotiwa maziwa, na weusi huo ndio unaoyafanya kuwa kioo kizuri. Lugha yenye hazina kama hiyo haistahili kuitwa maskini. Maskini ni yule aandikaye "rangi nzuri sana" akadhani ameeleza.

Tena kuna jambo ambalo Kiswahili kinaliona kuliko lugha nyingine. Rangi ya kijani tumeiita kwa jina la jani lenyewe. Jani likiacha kuwa kijani, ni kana kwamba limeacha kuwa jani. Limeingia katika hali ambayo jina lake halimtoshi tena. Kwa hali hiyo tunalo neno, nalo liko sokoni kila siku. Embe ngowe likiwa changa ni kijani. Likikomaa, klorofili huvunjika na manjano hujitokeza. Sisi husemi limekufa, wala hatusemi limeanguka, twasema limeiva. Yanayotokea ndani ya jani la mberoshi yanafanana sana na hayo. Kwa sababu hiyo naona kwamba istilahi "majira ya kupukutika majani", ambayo ni bora mara elfu kuliko "vuli", bado imeacha pengo. Kupukutika ni tukio la mwisho, tena ni neno lenye msiba ndani yake. Husemwa pia juu ya watu wanapokufa kwa wingi. Mpiga picha haendi Caddo kutazama miti iliyopukutika. Huenda wiki chache kabla, majani yakiwa yangali juu na yamefikia kilele cha rangi. Anachokipiga ni kuiva. Basi tuseme majani yanaiva, kisha yanapukutika, na kila hatua tuipe kitenzi chake. Mkaazi wa pwani hatashangaa, kwani amekwisha kuyaona majani mapana ya mkungu yakigeuka mekundu mtini kabla ya kudondoka uani.

Nirejee kidogo kwenye kamera, maana inadhaniwa kuwa shahidi asiyesema uongo. Wapiga picha wa Caddo hutoka kwa mtumbwi kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa asubuhi ya baridi hewa huwa na ubaridi kuliko maji na ukungu huinuka ziwani. Huvaa juu ya lenzi kioo cha kupunguza mng'ao wa maji ili rangi isifunikwe na weupe wa mbingu. Lakini kosa linalowapata wengi halitokani na vifaa hivyo. Kamera ikiachwa ijipangie rangi yenyewe, hukuta mandhari yaliyojaa machungwa na kutu, ikadhani kwamba mwanga una kasoro, ikaongeza ubuluu ili kusawazisha. Matokeo ni miberoshi iliyopooza. Hiyo kamera ni mfano halisi wa mtafsiri anayefanya kazi kwa mazoea. Inacho kipimo cha kawaida kilichowekwa kiwandani, na kila kisichoafikiana na kipimo hicho hukirekebisha mpaka kifanane na kilichozoeleka. Aandikaye "vuli" amefanya vivyo hivyo kwa maneno.

Hatimaye tufikie yale ambayo picha haiwezi kuyaonyesha hata kama rangi zake ni kamilifu. Jina Caddo ni jina la watu. Mwaka 1835 walitia saini mkataba uliowatoa katika ardhi yao ya Louisiana, na mwaka 1859 waliondolewa Texas na kupelekwa katika eneo ambalo leo ni Oklahoma, ambako taifa lao lina makao hadi sasa. Ziwa lilibaki na jina, wenyewe wakabaki na kumbukumbu. Ziwa lenyewe nalo lina historia ya magogo. Mrundikano mkubwa wa miti iliyokwama katika Mto Red ulizuia maji na kuyafurisha mabonde ya pembeni. Kuanzia mwaka 1833 kapteni Henry Shreve, ambaye mji wa Shreveport una jina lake, alianza kuuondoa mrundikano huo. Ulimalizwa kuondolewa mwaka 1873. Maji yakapungua, na mji wa Jefferson uliokuwa bandari ya merikebu za mvuke ukafifia. Mwaka 1914 ukajengwa ukuta wa kuyazuia maji yasiondoke, na mwaka 1971 ukajengwa mwingine mahali pake. Hapo ndipo neno "bwawa" la mwenzetu linapopata uzito asioukusudia: kinamasi hiki kinachoonekana kana kwamba hakijaguswa tangu Adamu kinashikiliwa na ukuta.

Ukuta huo una matokeo. Mbegu ya mberoshi wa kinamasi haioti chini ya maji. Huhitaji ardhi yenye unyevu lakini iliyo wazi, na mche wake lazima urefuke upesi ili mafuriko yajayo yasiufunike. Maji yasipopanda na kushuka kama zamani, miti mizee husimama kwa fahari lakini haipati wajukuu. Mtazamaji wa picha huona hekalu. Anayejua huona kijiji cha wazee kisicho na sauti ya mtoto. Aidha, lile zulia la kijani linaloonekana juu ya maji katika baadhi ya picha, ambalo wengi hulisifu kwa jinsi linavyoipamba rangi ya kutu, huenda likawa gugu liitwalo Salvinia molesta, lililogunduliwa ziwani humo mwaka 2006 na ambalo huyanyima maji nuru na hewa. Gugu hilo hatulijui kwa kusimuliwa. Liliwahi kulivamia Ziwa letu la Naivasha katika karne iliyopita. Huko Caddo, wanaolipiga vita wamekuwa wakifuga na kuachilia fukusi wadogo wanaolila.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumefundishwa kwamba mandhari si pazia la nyuma ya wahusika. Mandhari hutenda. Lakini tukipewa picha ya kupendeza, tunasahau somo hilo, tunarudi kwenye sifa tupu. Mhakiki anayekataa kuisoma riwaya kwa jalada lake hana budi kukataa pia kuisoma picha kwa rangi zake pekee. Maelezo ya picha ni utanzu mfupi mno, pengine mfupi kuliko methali, na ufupi huo ndio unaodai umakini. Ukipewa maneno kumi tu, huna nafasi ya kulipotosha hata moja.

Kwa kuhitimisha, ninapendekeza mambo matatu kwa wanachama wenzangu na kwa wahadhiri wetu. Kwanza, katika tafsiri zetu na katika kurasa za jarida hili, "vuli" ibaki kuwa mvua. Pili, majira ya kigeni tuyaeleze kwa vitenzi vya kile kinachotendeka, yaani kuiva, kupukutika, kulala na kuchipua, badala ya kuyavika majina ya majira yetu ambayo kazi zake ni nyingine. Tatu, kozi zetu za tafsiri zijumuishe zoezi la kuandika maelezo ya picha, moja ya mahali tunapopajua na moja ya mahali tusipopajua, ili tupime kama tunaona au tunakariri.

Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya mwenzio. Onyo hilo halikatazi safari. Linamtaka baharia aijue nyota yake kabla ya kutweka tanga. Kama mwenzetu ataniwia radhi, maelezo ya picha yake ya kwanza ningeyaandika hivi: "Majani ya miberoshi ya kinamasi yakiiva, Ziwa Caddo, Novemba. Maji yamezuiwa kwa ukuta. Miche ni nadra." Ni maneno machache, hayana madoido, na mkulima wa Taita anayesubiri vuli yake anaweza kuyasoma asidanganyike.